Kutumbukiza kamba kisimani: je, hiyo ni jiolojia?

Msomaji ameniandikia hivi:

“Shikamoo mwalimu. Nina miaka minne tangu nihitimu jiolojia, na muda wote nimekuwa kwenye kampuni ya kuchimba visima, kazi yangu ikiwa kusoma chenga za mwamba zinazotoka shimoni. Sasa taasisi ya serikali imenipa nafasi ya mjiolojia wa kufuatilia maji ya ardhini. Wenzangu wananicheka, wanasema nakwenda kutumbukiza kamba kwenye mashimo hadi nistaafu. Je, hiyo ni jiolojia kweli? Siku za kazi zikoje? Na nikiona haikunifaa, nitaweza kurudi nilikotoka?”

Marahaba, mdogo wangu. Wenzako hawajakosea sana. Kamba utaitumbukiza, tena mara nyingi kuliko unavyodhani. Walipokosea ni kufikiri kwamba kamba ndiyo kazi yenyewe.

Wewe umezoea shimo linalochimbwa leo na kukabidhiwa kesho. Kwako swali ni moja: maji yapo au hayapo, na yanatoka kwa kasi gani? Huku unakokwenda swali ni lingine kabisa. Kisima tayari kipo, pengine kilichimbwa kabla hujazaliwa, na hakuna anayekunywa maji yake. Kimewekwa ili kiangaliwe tu. Unataka kujua maji yake yako kina gani leo, yalikuwa kina gani tarehe kama hii mwaka jana, na tofauti hiyo imeletwa na nini: mvua, pampu ya jirani, mto uliokauka, au wewe mwenyewe kupima vibaya. Hiyo sababu ya mwisho usiidharau. Nitaisimulia hapa chini, maana iliwahi kunitia aibu.

Nianze na siku ya kwenda visimani. Unaondoka mapema na orodha ya visima, funguo za vifuniko, kamba ya kupimia na daftari. Unafika kwenye kisima, unafungua kifuniko taratibu ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu nyigu na nyoka wanapenda sana kivuli cha chini ya kifuniko cha chuma. Halafu unasubiri kidogo. Kama kifuniko kilikuwa kimebana, hewa iliyonaswa ndani ya bomba inaweza kuwa imesukuma maji chini au kuyavuta juu, nayo yanahitaji muda yarudi mahali pake. Unashusha kamba ya umeme, ile yenye ncha ya chuma na king’ora kidogo kwenye gurudumu. Ncha ikigusa maji, king’ora kinalia. Unaipandisha kidogo hadi kinyamaze, unaishusha tena kwa utulivu hadi kilie, unabana kamba kwa kidole mahali palepale pa alama iliyochongwa kwenye ukingo wa bomba, unasoma. Unavuta mita moja au mbili, unarudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, unapima mara ya tatu na kujiuliza kuna nini. Pengine bomba linatona maji ubavuni na kuidanganya ncha, pengine jirani amewasha pampu na maji yanashuka huku unapima.

Wazee wa kazi hii bado wanabeba utepe wa chuma na kipande cha chaki, nami nakushauri ujifunze, kwa sababu chaki haiishiwi betri. Unapaka chaki kwenye sehemu ya chini ya utepe, unaushusha hadi alama ya mita 20.00 ikae sawasawa kwenye ukingo wa bomba, kisha unauvuta juu. Chaki iliyolowa imebadilika rangi, na mpaka wake unaonekana wazi, tuseme kwenye mita 1.37. Unatoa: maji yako mita 18.63 chini ya alama. Ni hesabu ya darasa la tatu, ila haina king’ora cha kukudanganya.

Kabla hujafunga kifuniko, linganisha namba yako na ya safari iliyopita. Hapo hapo, jua likikuchoma. Ukigundua tofauti ya ajabu ukiwa bado kisimani, unapima tena kwa dakika mbili. Ukiigundua ofisini baada ya wiki tatu, huna la kufanya ila kuweka alama ya kuuliza ambayo itakaa humo milele.

Sasa aibu yangu. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na kisima ambacho maji yake yalikuwa yakishuka polepole miaka yote. Ghafla, katika kipimo kimoja, yakapanda sentimita 46. Mvua za msimu ule zilikuwa nzuri kiasi, nikafurahi, nikaandika kwenye ripoti kwamba tabaka, yaani mwamba au mchanga unaobeba maji chini ya ardhi, limeanza kupata nafuu. Ripoti ikapita kwa wakubwa, ikanukuliwa. Fundi mmoja mpimaji, mtu asiye na shahada yoyote, akaisoma na kuniuliza swali moja tu: “Ulipimia wapi?” Nikamjibu, kwenye ukingo wa bomba. Akacheka. Trekta lilikuwa limeligonga bomba miezi kadhaa nyuma, mafundi wakakata sehemu iliyopinda na kuweka kifuniko kipya. Bomba lilikuwa limefupishwa kwa sentimita 46. Maji hayakupanda hata kidogo. Ni ukingo ulioshuka kuyafuata. Visima vyote vya jirani vilikuwa vinaendelea kushuka, nami nilikuwa na namba zao mezani, ila sikuzitazama kwa sababu habari njema ilikuwa imenikolea.

Tangu siku ile kila kisima changu kina picha ya alama ya kupimia, kimo cha alama hiyo juu ya ardhi, na kimo chake juu ya usawa wa bahari. Chochote kikibadilika, kinaandikwa na tarehe. Ukiniuliza kitu kimoja ambacho serikali inakulipa kukilinda, nitakujibu ni hicho: namba ya leo iweze kulinganishwa kwa haki na namba iliyochukuliwa na mtu aliyekwisha kustaafu, na ile itakayochukuliwa na mtu ambaye bado hajaajiriwa. Kule Chilgrove, kusini mwa Uingereza, kuna kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya chaki ambacho maji yake yamekuwa yakipimwa tangu 1836. Waliokianza hawakuwa na habari za pampu za umeme wala mabadiliko ya tabianchi. Walipima tu, na wakaandika vizuri. Leo mtu akitaka kujua kama ukame fulani ni wa kawaida au ni wa kipekee, ana karibu miaka 190 ya kulinganisha. Hakuna fedha inayoweza kununua rekodi ya namna hiyo leo; iliyokosekana imekosekana.

Visima vingi siku hizi vina kihisi cha mgandamizo kinachoning’inia ndani ya maji na kurekodi chenyewe kila saa au kila dakika 15. Watu hudhani kifaa hicho kimetuondolea kazi. Kimetubadilishia tu. Kihisi kilichofungwa kabisa kinapima uzito wa maji yaliyo juu yake pamoja na uzito wa hewa yote iliyo juu ya maji hayo, na hewa peke yake ina uzito wa kama mita 10 za maji. Mgandamizo wa hewa ukibadilika kwa hektopaskali moja, kihisi kinaona kama sentimita moja ya maji. Kwa hiyo unahitaji kihisi cha pili kilicho hewani ili utoe hesabu, na bado lazima uende na kamba kuhakikisha kihisi hakijahama, kwa maana huwa vinahama: waya unanyooka, betri inachoka, saa ya ndani inaenda mbele.

Ila ukishasafisha data hizo, utaona mambo ambayo kamba ya kila mwezi haiwezi kukuonyesha. Utaona maji ya tabaka lililobanwa na udongo wa mfinyanzi yakishuka hewa inapokuwa nzito na kupanda hewa inapokuwa nyepesi. Utaona mawimbi madogo mara mbili kwa siku, sentimita chache tu, yanayoletwa na mwezi na jua kuuvuta mwamba wenyewe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Tetemeko la Alaska la mwaka 1964 liliyatikisa maji ndani ya visima vilivyokuwa maelfu ya kilomita kutoka lilipotokea. Mara ya kwanza nilipoona mvuto wa mwezi kwenye mchoro wa kisima changu niliita ofisi nzima waje kutazama. Walikuja wawili.

Umeuliza kama hiyo ni jiolojia. Kamba inakupa namba; jiolojia ndiyo inayokwambia namba hiyo ni ya nini. Nilikuwa na visima viwili vilivyopishana mita zisizozidi 300. Kimoja kilishuka kama mita mbili kila kiangazi, kingine hakikutikisika. Mtu wa takwimu peke yake angesema kimoja kimeharibika. Tulichimbua kumbukumbu za uchimbaji, zile karatasi za chenga za mwamba ambazo wewe umekuwa ukiziandika kwa miaka minne, tukakuta udongo wa mfinyanzi wenye unene wa mita nane kwenye kisima kimoja, na matundu ya bomba lake, yale yanayoingiza maji, yako chini ya udongo huo. Kingine kilikuwa na matundu juu yake. Visima vilikuwa jirani, lakini vilikuwa vinachungulia maji mawili tofauti. Maelezo hayo yalimaliza ubishi wa miaka, na yalitoka kwa mjiolojia wa shambani aliyeandika “mfinyanzi wa kijivu, mzito, mkavu” badala ya kuandika “udongo” akawahi kula.

Ndiyo maana nakwambia wewe una mtaji ambao wengi wanaoingia hapa hawana. Umeona miamba ikitoka. Unajua maana ya fundi kusema maji yalipigwa kwenye mita 34 halafu yakapanda yenyewe hadi mita 11. Anayejua namba tu hatajua kwamba hapo kuna kifuniko juu ya tabaka, na kwamba kipimo cha kisima kile ni cha mgandamizo, si cha uso wa maji yaliyolala mchangani.

Sehemu ya ubora wa maji utaijifunza upya. Maji yaliyokaa ndani ya bomba si maji ya tabaka. Yamepata hewa, yamepata kutu. Kwanza unapima kina, halafu unayatoa yale ya zamani. Bomba la kipenyo cha milimita 150 lina takriban lita 17.7 kwa kila mita, kwa hiyo safu ya mita 40 ni kama lita 700, na desturi ya miaka mingi ni kutoa ujazo huo mara tatu. Hizo ni zaidi ya lita 2,000 kabla hujajaza chupa moja, huku unaangalia joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji), oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme hadi vitulie. Kuna njia ya kuvuta polepole sana mbele ya matundu ya bomba inayopunguza maji hayo, ila inataka subira na pampu nzuri. Chupa ya kupimia metali unachuja maji yake na kuyatia asidi, chupa nyingine unaziacha zilivyo, zote zinaingia kwenye barafu. Gari lenye injini inayounguruma linakaa upande ambao upepo hautokei. Na aliyejaza mafuta ya gari asishike chupa kwa glavu zilezile. Maabara itapata petroli ambayo haikuwahi kuwa ardhini.

Kwa nini ukali wote huo? Fikiria Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 visima vifupi vya bomba vilienea kwa mamilioni ili watu waachane na maji ya madimbwi yenye vijidudu, na kwa vijidudu vilisaidia. Lakini tope la mito ya kale pale chini lilikuwa na aseniki ya asili, ambayo ni sumu, iliyokuwa inaachiliwa ndani ya maji, na hadi ilipothibitishwa mwaka 1993 watu walikuwa wamekwisha kuyanywa kwa miaka. Maji yalikuwa maangavu na hayakuwa na ladha yoyote mbaya. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa aseniki kwenye mikrogramu 10 kwa lita, floraidi kwenye miligramu 1.5 na naitreti kwenye miligramu 50. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwa macho. Kinachoonekana ni karatasi ya maabara, na karatasi hiyo ina thamani ya mkono uliojaza chupa, basi.

Zaidi ya nusu ya siku zako zitakuwa ofisini, na hapa wenzako hawakukwambia kitu. Utasafisha data, utachora, utaandika maoni kuhusu maombi ya vibali vya kuvuta maji. Mtu anataka kibali cha kisima kikubwa. Jirani zake wanasema kitawakausha. Wewe ndiye utakayesema mshuko wa maji utafika umbali gani na baada ya muda gani. Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alitupa hesabu ya mshuko huo mwaka 1935, nayo bado tunaitumia kila wiki, lakini inadhani tabaka ni tambarare, linafanana kila upande na halina mwisho. Mwamba wako hauko hivyo. Una nyufa, una mabonde ya zamani yaliyofukiwa mchanga, una ufa mkubwa unaozuia maji upande mmoja. Kujua ni wapi hesabu inaacha kuaminika ni sehemu tamu kuliko zote ya kazi hii, na ndiyo unayokwenda kuulizwa mbele ya mawakili.

Usifikiri pia kwamba tunalinda visima visikauke tu. Katika bonde la San Joaquin, California, kuvuta maji kulishusha ardhi yenyewe kama mita 9 karibu na Mendota kati ya 1925 na 1977. Tabaka za mfinyanzi zikishabanwa hazirudi, hata mvua inyeshe vipi. London ilipata kinyume chake. Viwanda vilipopunguza kuvuta, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 maji yakaanza kupanda kuelekea kwenye mahandaki na misingi ya majengo, ikabidi yavutwe kwa mpango ili yasizidi. Katika kisa cha pili mchoro unaopanda, ule ulionifurahisha mimi siku ile, ndio ulikuwa wa kutisha.

Sasa ubaya wake, bila kuupaka rangi. Bajeti ya ufuatiliaji ndiyo inayokatwa kwanza, kwa sababu mwaka ambao hukupima hakuna anayelia. Kilio kinakuja miaka kumi baadaye. Utakuta visima vimejazwa mawe na watoto, vimefunikwa na barabara, au vimefungwa pampu na mtu aliyeviona havina mwenyewe. Utaombwa ramani isiyo na sehemu tupu. Niliwahi kuambiwa na mkubwa mmoja nijaze eneo lisilo na kisima hata kimoja kwa rangi ya jirani yake, kwa sababu nyeupe ilikuwa inaonekana kama uzembe. Niliiacha nyeupe, nikaandika ndani yake “hakuna vipimo”. Hakufurahi. Miaka miwili baadaye nyeupe ile ndiyo iliyotupatia fedha za kuchimba visima vinne. Sikwambii itakuwa hivyo kila mara. Mara nyingine utaandika ukweli na hakuna kitakachotokea.

Na ni kazi ya taratibu. Kama wewe ni mtu wa kutaka shimo jipya kila wiki, utachoka kabla ya mwaka wa pili, na hilo si kosa lako wala la kazi. Miaka mitano ya vipimo ndipo mchoro unaanza kusema kitu cha maana. Wanaodumu huku ni wale wanaoweza kukasirika kwa dhati kwamba kipimo cha mwezi wa tano hakikuchukuliwa.

Kuhusu kurudi ulikotoka: utarudi, tena ukiwa umepanda thamani, mradi usiishie kwenye kamba. Jifunze takwimu za mfululizo wa vipimo na lugha moja ya programu. Python au R, yoyote. Jifunze kemia ya maji mpaka uweze kuona kwamba hesabu ya chaji chanya na hasi haikulingana na kuirudisha karatasi maabara bila woga. Jifunze majaribio ya pampu kwa mikono yako. Migodi, kampuni za ujenzi na washauri wa mazingira wanawatafuta watu waliokaa upande wa kutoa vibali, kwa sababu wanajua maswali yatakayoulizwa.

Kabla ya kukubali, omba kitu kimoja kwenye usaili. Usiulize kuhusu gari wala posho kwanza. Waombe wakuonyeshe faili la kisima kimoja chochote, wachague wenyewe. Wakikuletea faili lenye maelezo ya chenga za mwamba, kina cha matundu ya bomba, picha ya alama ya kupimia na kipimo cha karibuni kilichochukuliwa mwaka huu, saini mkataba. Wakikwambia faili liko kwa mtu aliyestaafu, bado unaweza kusaini, ila ujue kazi yako ya mwaka wa kwanza ni kumtafuta huyo mstaafu, ukae naye barazani na daftari, umuulize alikuwa anapimia wapi.